Sauti ya Mbele

Jumatatu saa nne asubuhi Yokasta Encarnación alimsimamisha mama yake ndani ya kabati la nguo, akapima shubiri moja kutoka midomoni mwake hadi kwenye maikrofoni, akamwambia asisogee. Kabati lilikuwa limeondolewa nguo zote isipokuwa makoti mawili mazito ambayo babu alirudi nayo kutoka New York, na ubavuni mwake yalipigiliwa mablanketi matatu. Trei za mayai zilizokuwa ukutani Yokasta alizibandua tangu mwezi uliopita. Hazikuzuia sauti yoyote, zilifuga mende tu. Mbele ya maikrofoni aliweka soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya waya wa mviringo, ili pumzi isipige kishindo kwenye kila P na kila B. Mama yake, Nereyda, alivaa gauni la kulalia na miguu ilikuwa mitupu, kwa sababu viatu hulia sakafuni na nguo za kutokea huchakarika.

"Geuza uso kidogo upande wa dirisha," Yokasta alisema. "Usiielekee uso kwa uso. Sauti ipite pembeni yake."

"Miaka ishirini na mitatu naimba, leo nafundishwa kusimama."

"Miaka ishirini na mitatu umesimama nyuma, mama. Mbele kuna masharti yake."

Nereyda alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua dakika mbili.

Hilo lilikuwa jaribio la kumi na nne. La kwanza liliharibiwa na mbwa wa Bi Fela, jirani wa ukuta mmoja. Mawili yaliyofuata yaliharibiwa na domino, ambazo wanaume walizipiga mezani mbele ya duka la Ulpiano kana kwamba meza imewatukania mama zao. La nne lilikufa mikononi mwa mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyepita na gari lenye spika juu akiomba majokofu mabovu, feni mbovu na betri mbovu. Redio ya duka iliyala matano kwa mpigo. Kisha jogoo, kisha ugomvi wa mume na mke ambao ulianza kwa habari ya ndoo. Jenereta ilikuwemo katika yote kumi na nne.

Jenereta haikuwa ya mtaa. Hoyo Manso ni shimo la nyumba za bati na matofali lililojibana chini ya kilima, na juu ya kilima linasimama jengo la ghorofa kumi na nane liitwalo Altamar. Jengo liliacha kuuamini umeme wa Santo Domingo mwaka juzi, na tangu hapo jenereta yake ilinguruma kutwa kucha, umeme uwepo usiwepo. Bomba lake la moshi lilielekezwa bondeni.

Alhamisi asubuhi Nereyda alitakiwa hospitali. Daktari hakuzunguka: uvimbe umeshika zoloto, zoloto litatolewa lote, atapumua kwa tundu shingoni, atakula kama watu wengine. Kuongea, hapana. Kuimba daktari hakukutaja.

Nereyda alikuwa mwitikiaji. Sauti yake imo katika nyimbo za bachata mia moja na kitu, zile zinazopigwa harusini, kwa kinyozi na ndani ya teksi, na katika kila moja ipo nyuma ya mwanaume anayelia kwa ajili ya mwanamke. Yeye huitikia "ay", na "usiku wote", na "rudi". Jina lake halikuandikwa popote. Alikuwa na wimbo mmoja wake mwenyewe, alioutunga akisugua sufuria, uitwao "Nimeshakula". Ndani yake mwanaume anarudi baada ya siku tisa, anapiga magoti mlangoni, anataja nyota na bahari na moyo wake, na mwanamke anamjibu kwamba ameshakula, vyombo ameshaosha. Basi. Dakika nne. Hakuna aliyewahi kuutaka, kwa sababu hauna mahali pa mwanaume kulia.

"Nataka mara moja tu niwe mbele," Nereyda alimwambia binti yake siku waliyotoka kwa daktari. "Nyuma wewe weka unachotaka. Weka hata kopo."

Yokasta alirekodi watu katika chumba kile kwa miaka mitatu: wahubiri, wauza parachichi waliohitaji tangazo, vijana wenye hasira na mashairi ya haraka. Wote hao alijua kuwasafisha. Kelele ya nyuma unaipunguza, unakata hapa, unafunika pale kwa ngoma. Lakini "Nimeshakula" ulikuwa wimbo wa sauti na gita moja la kuwekwa baadaye, na Nereyda aliuimba kwa sauti ndogo ya mtu aliyeketi jikoni mwake. Chini ya sauti hiyo jenereta ilikuwa imekaa kama mgeni asiyeaga. Ukiiondoa, unaondoa na pumzi za mama.

Jumatatu hiyo jioni Bi Fela alisimama mlangoni na sufuria ya maharage iliyofungwa kwa kitambaa.

"Hii ni ya mbwa," alisema. "Kubweka kwake kote kumo humu. Nimembakizia kunguruma kidogo, mwizi akija."

"Na kunguruma, Bi Fela."

"We mtoto mchoyo! Haya, nipe dakika."

Alirudi na kopo dogo. Hoyo Manso watu walifanya hivyo panapokuwa na haja. Njia yenyewe ni rahisi: chombo chenye mfuniko unaobana, mwenye sauti mwenyewe, na ridhaa yake. Mara ya mwisho ilikuwa miaka minne nyuma, mapacha wa Rosanny walipozaliwa kabla ya wakati na hawakuweza kulala. Mtaa mzima ulinyamaza siku kumi na moja. Baadaye kila mtu alichukua chombo chake, akafunua, sauti ikarudi kwa mwenyewe. Sauti iliyofunuliwa haikai. Inalia mara moja na kwenda kwao.

Kufikia Jumanne saa sita mchana foleni ilifika kwenye duka. Ulpiano alitoa friza lake, lililokufa tangu uchaguzi uliopita, liwe ghala. Yeye mwenyewe alileta redio ndani ya dumu la mafuta. Mume na mke wa ndoo walileta ugomvi wao nusu kwa nusu, kila mmoja na mtungi wake, kwa sababu hawakuaminiana. Mchungaji alileta makofi ya waumini katika beseni la ubatizo lililofunikwa plastiki. Wacheza domino ndio waliosumbua.

"Domino bila kishindo ni kufuma vitambaa," alisema mkubwa wao.

"Mama yangu anakatwa koo keshokutwa," Yokasta alisema.

"Ndiyo, binti, tunajua. Nasema tu." Akampa mkebe wa biskuti. "Humo kuna kishindo, na majigambo, na matusi ya huyu Chelo. Ya Chelo yafunge vizuri."

Mchana ule watoto walikimbia vichochoroni midomo wazi bila kutoa kitu. Pikipiki zilipita kama zinavutwa kwa uzi. Mwanamke mmoja aliangusha trei ya glasi, akaokota vipande, akaendelea na safari yake. Katika utulivu huo jenereta ya Altamar ilisikika vizuri zaidi kuliko siku yoyote, na watu waligundua kwamba haikuwa na mlio mmoja bali miwili, mmoja wa kunguruma na mwingine mwembamba wa juu, kama jino linalouma.

Yokasta alipanda kilimani. Msimamizi wa jengo alikuwa Bi Troncoso, mwanamke mpole mwenye miwani ya mnyororo, ambaye alimpa kiti na maji ya baridi na kusikiliza habari ya mama mgonjwa.

"Kelele gani, mwanangu?"

"Ya jenereta."

Bi Troncoso alitega sikio. Wote wawili walitega. Ndani ya ofisi palisikika kiyoyozi na kalamu ya karani. Vioo vilikuwa vya tabaka mbili.

"Nipo hapa mwaka wa sita," Bi Troncoso alisema. "Sijawahi kuisikia."

"Kule kwetu inasikika."

"Basi iko kwenu."

"Naomba mzime dakika nne tu. Kesho, saa tisa. Dakika nne, mama."

"Kuna lifti, binti. Kuna watu ndani ya lifti. Mtu akikwama dakika nne, wewe utamweleza nini?"

"Kwamba mama yangu anaimba."

Bi Troncoso alimtazama kwa huruma ya kweli. Alifungua daftari la malalamiko, akaandika tarehe, akaandika: Kelele. Chini yake akaandika: Haikusikika. Akamsindikiza hadi getini na kumwambia atamweka mgonjwa katika maombi, na alimweka kweli.

Ulpiano alisikiliza habari hizo akifuta kaunta ambayo ilikuwa safi.

"Kasema iko kwetu?"

"Hivyo hivyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mjomba."

"Basi ni yetu. Tunachukua chetu."

Chombo kilikuwa tatizo. Walijaribu pipa la lami, likapasuka. Ndipo Bi Fela akatoa tangi la maji la juu ya paa lake, ambalo lilikuwa tupu kwa kuwa hiyo ilikuwa siku ya tisa maji hayajaja. Jumatano saa saba mchana wanaume sita walilipandisha kwa kamba hadi nyuma ya ukuta wa Altamar, wakalisimamisha chini ya bomba la moshi, mdomo juu. Mtaa wote ulisema ndiyo, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kelele ilikuwa ya wote na ridhaa ilitakiwa ya wote. Hilo lilichukua saa nzima, na mzee mmoja alilazimika kuamshwa. Kisha kelele ikaanza kuingia. Ilipoingia yote walifunga mfuniko, wakalishusha tangi likiwa la moto na linatetemeka, wakaliweka uani kwa Ulpiano, na wanaume wawili wanene wakaketi juu yake. Kule juu jenereta iliendelea kufanya kazi. Lifti zilipanda na kushuka.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Yokasta aliunganisha kompyuta na maikrofoni kwenye betri za Ulpiano, akavaa hedifoni, akasikiliza chumba. Hakuwahi kukisikia. Kilikuwa kikubwa kuliko alivyodhani. Alisikia mate ya mama yake yakishuka kooni. Alisikia moyo, na hakujua ni wa nani.

"Shubiri moja," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Pembeni kidogo."

"Najua."

Nereyda aliimba. Alianza chini, karibu kuongea, kama mtu anayejibu bila kuinua macho kwenye kazi. Uvimbe uliikwaruza sauti ile na kuifanya ya mtu ambaye hana tena haja ya kupendeza. Mwanaume wa wimbo alipiga magoti, akataja nyota. Nereyda alikausha sahani. Akataja bahari, akakunja kitambaa. Yokasta alitazama mistari ya sauti ikipita kwenye kompyuta, mirefu na safi, na pembeni yake palikuwa tupu kabisa, tupu kama karatasi. Alikuwa akilia kwa mdomo wazi ili pua isisikike. Ubeti mmoja ulibaki. Nereyda alivuta pumzi, akaimba mstari wa kwanza, wa pili, akaingia wa tatu.

Umeme ukarudi.

Hoyo Manso umeme ukirudi watu hupiga ukelele. Hakuna anayeamua. Mtoto wa miaka miwili hupiga, bibi wa miaka tisini hupiga, walio chooni hupiga humo humo. Wakati wa kukabidhi sauti kila mtu alifikiria kikohozi chake, mlango wake, mbwa wake, mke wake. Ukelele ule haukukumbukwa na yeyote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona kuwa wake.

"Umerudiii!"

Makoo mia nne yaliyokuwa na siku mbili za ukimya yalipiga kwa pamoja. Kilikuwa kilio cha furaha tupu. Kuta za kabati zilicheza. Kule dukani friza lilitikisika, mfuniko ukainuka, na redio ikatoka ya kwanza. Halafu kubweka, jogoo, makofi, ugomvi nusu kwa nusu, na matusi ya Chelo yaliyopita juu ya mapaa kama kundi la njiwa. Kila sauti ilikwenda kwao. Wanaume wawili juu ya tangi walirusha mikono hewani lakini hawakuinuka, kwa hiyo jenereta ndiyo pekee iliyobaki ndani.

Kisha watu walikumbuka. Walifunika midomo kwa viganja, wakatazamana. Bi Fela alikaa chini kwenye ngazi yake na kujivuta nywele.

"Tena," Yokasta alisema. "Mama, tena. Tutawaomba, watarudisha, tuna saa tatu kabla ya jioni. Tena."

Nereyda alijaribu. Mstari wa pili ulikatika katikati, na kwenye soksi ya nailoni pakatokea doa jekundu kubwa kama sarafu. Akaipangusa kwa kidole.

"Imetosha," alisema.

Saa kumi na moja Wilkin alishuka kutoka kilimani. Alikuwa mlinzi wa Altamar na alizaliwa Hoyo Manso, nyumba ya tatu kutoka kwa Ulpiano. Alivaa sare na alionekana angependa kuivua.

"Wanataka kelele yao," alisema.

"Kelele gani?" Ulpiano aliuliza. "Si walisema hawajaisikia?"

"Hawajaisikia. Ila fundi kasema mashine isiyolia haiwezi kupewa cheti, na bima wanataka cheti. Wanasema ni mali ya jengo na irudishwe mahali pake."

"Mahali pake wapi? Huko juu ndani ya vyumba vyao?"

Wilkin alifungua karatasi, akaisoma polepole, kidole chini ya maneno.

"Upande wa nyuma," alisema. "Ikielekea bondeni."

"Wewe unalala wapi, Wilkin?"

"Nalala hapa hapa, mjomba. Kichwa changu na ukuta huu." Akakunja karatasi. "Msinitie matatani. Nina mtoto."

Wanaume wale wale sita walilipandisha tangi. Wilkin alisukuma kwa bega mpaka sare ikachafuka. Waliponyanyua mfuniko kelele ilitoka, ikaingia kwenye mashine kuupata mdundo wake, na ikashuka bondeni njia yake ya kila siku. Walimpa Wilkin karatasi asaini kwamba imepokelewa yote.

Jioni hiyo Nereyda aliketi jikoni na kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, ameliosha na kulikausha.

"Usifanye hivyo," Yokasta alisema. "Sauti ikifunuliwa inarudi kwa mwenyewe. Kesho haitakuwa na pa kurudi."

"Itatafuta."

Bi Fela, aliyekuwa akiwachambulia mchele, aliulizwa inakuwaje sauti ikikuta mwenyewe hana pa kuipokea. Alifikiri. "Hiyo sijaiona, shoga," alisema. "Ya kuku nimeona. Kuku alishaliwa, sauti ikazunguka banda wiki nzima, halafu sijui."

"Itakupa dakika nne," Nereyda alimwambia binti yake. "Siku ukipata kimya chako, funua, rekodi. Halafu iende inakokwenda." Akalisogeza kopo. "Na sufuria ya Fela uirudishe, iko chini ya sinki."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Aliinama juu ya kopo na kuimba "Nimeshakula" ndani yake, mwanzo hadi mwisho. Alipumzika kati ya mstari na mstari, na mara mbili alikohoa pembeni. Yokasta aliona midomo ikienda. Hakusikia kitu, kwa kuwa sauti ilikuwa ikiingia moja kwa moja. Ilipoingia yote Nereyda alibana mfuniko kwa kisigino cha mkono, akaenda kufunga begi la hospitali.

Alirudi baada ya wiki mbili, na kitambaa cheupe shingoni na daftari la mistari mfukoni mwa aproni. Alikuwa amekonda lakini alikula vizuri. Kopo lilikuwa juu ya rafu, kati ya chumvi na kahawa.

Yokasta alianza kutafuta kimya. Mtaa ulimpa tena kila ulichokuwa nacho, mara tatu, na safari hii hata ukelele wa umeme ulitiwa kwenye beseni la ubatizo, watu wote mia nne wakiinama kwa zamu. Kilichobaki ni jenereta. Jengo lilikuwa limeizungushia uzio wa nyaya na kuweka taa na mlinzi wa pili, asiye wa Hoyo Manso. Yokasta aliandika barua nne. Alijaza mchanga kwenye kuta za kabati. Alijenga kabati ndani ya kabati. Alichimba sakafu ya chumba mpaka kiunoni, akashusha maikrofoni shimoni, akalala humo na hedifoni masikioni, na jenereta ikamfikia kupitia udongo. Aliacha kuwarekodi wahubiri na wauza parachichi. Alikula akiwa amesimama, uso ameuelekeza dirishani. Mama yake alimwandikia kwenye daftari: Fungua.

"Bado si safi, mama."

Fungua, Nereyda aliandika wiki iliyofuata, kwa herufi kubwa zaidi.

"Ni mara moja tu. Mara moja! Niiharibu?"

Mwezi wa nne tangu upasuaji, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Nereyda alikuwa akimenya ndizi mbichi za kuchemsha na kuponda. Alifuta mikono, akashusha kopo, akachukua kijiko, akang'oa mfuniko.

Yokasta alikuwa shimoni. Alisikia mstari wa kwanza na hakukimbilia jikoni. Alikimbilia kompyuta, akapiga kitufe, akaing'oa maikrofoni kwenye kishikio na kuivuta kwa waya wake mpaka mlango wa jikoni, magoti yakitokwa damu. Waya uliishia hapo. Sauti ilikuwa juu ya meza, kimo cha mtu aliyeketi, ikiimba karibu na maganda ya ndizi. Ilikuwa na mikwaruzo yake yote na pumzi zake za kupumzika. Bi Fela alimshika mbwa mdomo. Ulpiano alizima redio. Wacheza domino walibaki mikono juu, na Chelo akameza alichotaka kusema. Hakuna aliyewaomba. Mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hakuwa wa mtaa ule, alizima injini ya gari lake na kuvua kofia.

Mwanaume alipiga magoti, akataja nyota na bahari. Mwanamke alikuwa ameshakula. Ubeti wa mwisho ulipita wote, mstari wa tatu na wa nne, hadi mwisho ambao Yokasta hakuwa ameusikia tangu Jumatano ile.

Ilipomaliza, sauti ilikwenda kwa mwenyewe. Ilizunguka kitambaa, ikajaribu tundu. Nereyda akakohoa, ikajiondoa. Ikajaribu mdomo. Nereyda aliuacha wazi kwa muda mrefu, kwa subira, kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Baadaye aliufunga na kutikisa kichwa. Sauti ilikaa kidogo dirishani, kisha ikapanda, kama sauti zipandavyo, ikipita juu ya mapaa ya bati kuelekea kilimani. Watu waliifuata kwa macho. Ilifika ghorofa ya tisa ya Altamar na kugonga kioo. Ndani yake mwanamke alikuwa akimwagilia ua. Akamaliza kumwagilia, akafuta majani vumbi.

Yokasta alivaa hedifoni na kusikiliza alichonasa. Jenereta ilikuwa mbele. Ilikuwa safi, nzito, kila mdundo mahali pake, kana kwamba ilisimama shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni na kugeuza uso kidogo. Nyuma yake, mbali, katikati ya kila ngurumo na ngurumo, mwanamke aliitikia. Alifanya kazi mpaka mchana. Alipoipunguza jenereta mwanamke alizama. Alipompandisha mwanamke jenereta ilipanda naye.

Nereyda aliingia chumbani, akauzunguka ukingo wa shimo, akaketi. Akaonyesha kwa kidole kwamba anataka upande mmoja wa hedifoni. Walisikiliza wote wawili, sikio moja moja, dakika nne.

Akatoa daftari. Nani huyo anaimba mbele?

"Jenereta, mama," Yokasta alisema.

Nereyda alikubali kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyewahi kufanya kazi na wabaya zaidi. Akataka kusikia tena. Akasikiliza mpaka mwisho macho amefumba, akipigapiga goti kwa kidole, kisha akachukua kalamu.

Nimemwitikia vizuri, aliandika.